Nilivyofungua Barua za Meneja wa Madaraja kwa Faida ya Umma

Jumatatu, 4 Machi

Siku njema. Mashine ya kopi imekohoa mara mbili tu. Nimeikata jicho, ikanyamaza. Mashine zinanijua.

Saa tano mpwa wangu kaingia dukani, uso umemshuka. Huyu ni mtoto wa kike wa dada yangu, mwandishi wa gazeti, yuko mwezi wa tatu wa majaribio. Kipaji kakitoa kwangu. Mama yake akiandika barua ni kama anapanga kuni. Nimemwekea stuli, nikamwambia amtapikie mjomba yanayomkera.

Kasema ana habari kubwa imemkwama kooni. Lile daraja la miguu juu ya reli, la chuma, wanalopita watoto wa shule mbili kila asubuhi, na mama yake pia akienda kazini kwa dobi. Watu wanasema linalia likikanyagwa. Ameuliza ofisi ya madaraja, kaambiwa ni upepo. Kaenda mara tatu, upepo mara tatu. Mhariri wake kampa hadi Jumamosi. Bila ushahidi, habari inakwenda kapuni, na huenda yeye akaifuata.

Nikamwambia dogo hilo. Tunafungua barua pepe za Meneja wa Madaraja, tunasoma, tunachapa. Chai haijapoa, kazi imekwisha.

Akaniangalia kama aliyemeza nzi. Akasema mjomba, hilo ni kosa la jinai. Kisha, kwa kuwa anapenda ukweli kupita kiasi (ugonjwa wa upande wa baba yake), akaongeza kwamba jambo lenyewe si jepesi hivyo. Wapo waandishi waliofungua barua za watu wakaokoa roho, umma ukawashukuru. Wapo waliofungua ili wajue nani kalala kwa nani, magazeti yao yakafa kwa aibu, na yalistahili. Mstari umepita wapi hasa, yeye hajui. Anajua tu kwamba kufungua si mahali pa kuanzia.

Nimelielewa jibu. Ni ndiyo, ila imevaa gauni la heshima.

Sasa siri, na ibaki humu. Ni mimi niliyewafungulia barua pepe watu wa mtaa huu. Mia nne na kumi na wawili! Mtu aliyeachana na shule darasa la saba, tena kwa sababu mwalimu alikuwa ameishiwa la kunifundisha. Wateja walikuwa wakisahau neno la siri, wanakuja kunililia hapa kaunta. Nikawapa wote neno moja, nikawaandika daftarini. Na Meneja wa Madaraja yumo, ukurasa wa tatu. Enzi hizo alikuwa karani mwembamba, hana hata simu. Palipotakiwa namba ya simu nikaweka yangu.

Nilimsaidia yeye. Sasa na yeye atasaidia umma. Hajui tu.

Jumanne, 5 Machi

Nimefunga nusu ya mlango, nimeweka kibao cha TUKO KWENYE MATENGENEZO. Nikaandika jina la Meneja. Nikaweka neno la siri. Kompyuta ikashuku! Ikasema inatuma tarakimu kwenye simu ya mwenyewe ili kuthibitisha kuwa ni yeye. Mara simu ikatetemeka mfukoni mwangu. Nikathibitisha kuwa ni yeye.

Tumeingia! Miaka kumi na miwili hajabadilisha kitu. Mtu kama huyo ndiye kakabidhiwa madaraja.

Barua elfu tatu na zaidi. Elfu mbili ni matangazo ya suruali. Ukifungua siri za mkubwa unategemea mazimwi, kumbe ni suruali. Nimesoma hadi macho yamekauka.

Katikati ya kazi kaja bwana mmoja mrefu mwembamba, kofia ngumu kwapani, buti zina kutu, bahasha ya kaki kaikumbatia kama mtoto mchanga. Anataka kopi za kurasa kumi na moja. Nikamwambia mashine imechoka. Akatazama mashine, akanitazama mimi. Akauliza kama ni kweli mpwa wangu ni mwandishi wa gazeti. Nikamwambia ni kweli, na hana nafasi ya posa. Akasema hakuja kwa posa. Nikamwambia wote husema hivyo.

Kaondoka pole pole. Namshukuru Mungu kwa kunipa jicho la kuwatambua watu.

Jumatano, 6 Machi

Asubuhi mbaya. Mke wangu kaleta chai dukani, kakuta nimeinama kwenye kompyuta, kauliza nasoma nini. Nikamwambia ni mambo ya taifa. Akasogea, akaona jina la Meneja. Akauliza nimeingiaje. Nikamweleza kwa fahari, hatua kwa hatua, hadi daftari.

Akauliza neno la siri la barua zake yeye ni lipi. Nikamtajia. Akauliza la yule mama mkunga wa nyumba ya nne. Nikamtajia. Akasema mbona ni hilo hilo. Nikamwambia ndiyo uzuri wake, halisahauliki. Akauliza, taratibu sana, kama nimewahi kusoma zake. Nikajibu hapana kabla hajamaliza swali, na nadhani hapo ndipo nilipoharibu.

Kaondoka na chai.

Nikaendelea. Kila Jumapili, tangu mwaka jana, Meneja anamwandikia binti yake aliyehama nyumbani kwa hasira. Barua arobaini na moja. Jibu hakuna. "Leo nimepita mbele ya shule yako ya zamani, ukuta wameupaka buluu." Ndiyo barua nzima hiyo. Nikasoma tano, nikahisi kitu shingoni. Ni ule unga wa wino wa mashine, huwa unaruka.

Yule Bwana Buti karudi mara mbili leo. Asubuhi nikamwambia umeme mdogo. Alasiri nikamwambia karatasi zimekwisha, nazo rimu hamsini ziko nyuma yangu hadi dari. Akasema bwana mkubwa, hili ni jambo la maisha ya watu. Nikamwambia na langu pia, tena langu ni la siri.

Saa kumi nikapata! Barua ya mhandisi mkaguzi kwenda kwa Meneja. "Boliti saba kati ya kumi na mbili upande wa shule zimekatika. Nashauri daraja lifungwe leo." Na jibu la Meneja chini yake: "Nimekuelewa. Wakubwa wanasema tusubiri wageni wa tarehe ishirini wapite kwanza."

Saba kati ya kumi na mbili! Nikahesabu kwa vidole vya mikono yote, zimebaki tano. Dada yangu hupita pale na furushi la nguo za watu kichwani. Nimechapa nakala kumi na nne.

Alhamisi, 7 Machi

Nimevaa suti. Nimekwenda gazetini kwa miguu, nakala zimo chini ya shati, zinakwaruza.

Mhariri wa mpwa wangu ni mama mfupi mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. Waandishi wanamwita Bibi Mkasi. Nikamwaga nakala mezani kama karata. Nikasema habari ndiyo hiyo, shukrani baadaye.

Wakasoma, yeye na mpwa wangu. Mpwa akaniuliza nimezitoa wapi. Nikaeleza. Akashika kichwa kwa mikono miwili. Nikadhani ni mshangao wa kipaji changu.

Bibi Mkasi hakupiga kelele. Heri angepiga. Akaniuliza kama hatari ni ya kweli. Nikasema boliti saba. Akauliza kama niko tayari jina langu liandikwe, ili kila mtu ajue nilivyozipata. Nikasema ndiyo, kwa herufi nene. Akasema polisi nao wataliona lilivyo nene. Nikasema hata herufi nyembamba zinatosha, tena kwa kufikiri zaidi, hata zisipokuwepo. Akauliza swali la mwisho: nilijaribu njia gani kabla ya hiyo? Nilimuuliza yule mhandisi aliyeandika?

Nikamwambia mama, mhandisi huyo simjui, pengine hata anaishi mbali.

Mpwa akapiga simu ofisi ya madaraja, akaomba kuongea na mhandisi mkaguzi. Akasikiliza. Uso ukabadilika rangi. Akakata, akanigeukia, akasema mhandisi hayupo, tangu Jumanne anahangaika kutafuta pa kutoa kopi ili ampelekee ripoti mwandishi mmoja. Wenzake wanasema ni mrefu, mwembamba, na kuna mzee mmoja wa steshenari anamfukuza kila siku.

Nikasema wazee wa steshenari ni wengi.

Hapo mpwa akaniambia maneno ambayo nayaandika kama yalivyo, ingawa yamenichoma. "Mjomba, kama milango yote ingefungwa na watu wanakaribia kufa, ningezifungua barua mimi mwenyewe, kisha ningesimama mahakamani niseme nimefungua. Lakini wewe hata hodi hukupiga. Mlango ulikuwa wazi na ukweli umesimama kaunta, unaomba kopi."

Nikamjibu kwamba mimi na wewe tuko pamoja basi, tofauti ni hodi tu. Hakucheka.

Kilichofuata sikukitegemea. Nilidhani watagombania nakala. Bibi Mkasi akasema roho kwanza, gazeti baadaye. Mpwa akawapigia walimu wakuu wa shule zote mbili, akawaomba kuanzia kesho watoto wazungukie kule kwenye geti la reli. Mmoja akauliza kwa nini. Akamjibu kwamba ameambiwa jambo ambalo bado hawezi kulithibitisha, lakini angekuwa na mtoto pale asingempitisha. Halafu akampigia mama yake, akamwambia vivyo hivyo.

Nakala zangu zimefungiwa kwenye droo ya Bibi Mkasi. Amesema mhandisi asipopatikana hadi Jumamosi mchana, atazichapa, na juu kabisa ataandika kwamba barua hizi zilifunguliwa bila ruhusa, na wa kulaumiwa ni yeye mhariri. Mwanamke wa namna hiyo ningemfungulia barua pepe bure.

Ijumaa, 8 Machi

Nimefungua duka saa kumi na mbili alfajiri, kibao cha MATENGENEZO nimekitupa. Nimepanga rimu mbele zionekane. Nimesimama mlangoni nikitabasamu hadi taya zinauma. Bwana Buti hakuja. Saa moja, hakuja. Saa tatu, hakuja! Bila shaka mtu akifukuzwa mara tatu anaanza kuwa na kiburi.

Saa tatu na nusu nikamwona. Yuko ng'ambo ya barabara. Kwa Bwana Rangi!

Bwana Rangi ndiye mpinzani wangu. Ana mashine ya kopi za rangi, na hakuna siku hajanitajia. Sijakanyaga kwake tangu alipofungua. Nikawaza boliti. Nikawaza furushi la dada. Nikavuka.

Bwana Rangi akapiga makofi. Akawaita wateja wake washuhudie. Akasema karibu jirani, mashine yako imefariki au imetoroka? Nikameza. Akasema hapa kopi ni za kila rangi, hata ya aibu ipo. Nikameza tena. Mhandisi alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, anakunywa chai, kopi zake kumi na moja magotini, boliti zilizokatika zimetoka vizuri na kutu yake nyekundu. Lazima nikiri, rangi ilisaidia.

Nikamwomba radhi. Nilianza kwa kumweleza historia ya mashine yangu, akanizuia kwa mkono. Akasema hana kinyongo, yeye alitaka kitu kimoja tu, kumpa mwandishi ripoti mkono kwa mkono, akiwa ameitia saini. Bwana Rangi akauliza mbona hakuituma tu kwa barua pepe. Mhandisi akasema barua pepe za mji huu haziamini, anahisi kuna mtu anazisoma.

Nikasema ni kweli, siku hizi watu hawana adabu.

Nikampigia mpwa, akaja mbio. Mhandisi akatia saini mbele yetu, herufi kubwa, akasema hata akifukuzwa kazi, angalau atajua boliti zimebadilishwa. Mpwa akamshika mkono kwa mikono miwili. Nilitamani kulia lakini Bwana Rangi alikuwa anaangalia.

Mpwa akasema sasa twende kwa Meneja tumpe nafasi ya kujibu. Mimi nikaambiwa nibaki. Nikaenda.

Meneja alisoma ripoti amesimama. Kisha akaomba kiti, ofisini kwake mwenyewe. Hakukana. Akasema juu yake kuna watu, na juu ya watu hao kuna wengine, na kila mmoja kasema asubiri wageni, na yeye tangu mwezi uliopita halali vizuri. Akafunika uso. Alionekana mdogo, kama yule karani wa zamani.

Huruma ikanishika. Nikamgusa bega. Nikamwambia jipe moyo ndugu yangu, na binti naye iko siku atajibu.

Jamani, ulimi! Ulimi hauna mfupa wala breki!

Meneja akainua uso pole pole. Akauliza binti gani. Nikasema mabinti kwa ujumla. Mpwa wangu alifumba macho. Angeweza kunyamaza, habari ilikuwa mkononi mwake, saini tayari, kazi imepona. Akafumbua macho, akamweleza yote. Kwamba mjomba wake amefungua barua zake. Kwamba yeye aliona mbili tu, ya boliti na jibu lake, na hatachapa hata neno moja la humo, kwa sababu ripoti anayo kwa njia ya haki. Kwamba ataiandika gazetini aibu hii pia. Na kwamba akitaka kwenda polisi, namba ya gazeti ni hii hapa.

Meneja akanigeukia. Akauliza nilisoma zote? Nikasema za suruali niliziruka. Akauliza za binti? Nikasema tano. Akauliza tano zipi. Nikamwambia ya ukuta wa buluu. Akaniambia kwamba hizo hazikuwa za umma. Hakupandisha sauti. Nikatazama viatu vyangu, nikahesabu matundu ya kamba, nikarudia kuyahesabu.

Akasimama, akachukua kamba kwenye kabati, akatoka. Saa tisa mchana alikuwa juu ya ngazi za daraja, tai imetupwa begani, anafunga kamba kwa mikono yake mwenyewe. Mhandisi akamshikia ncha ya pili.

Jumamosi, 9 Machi

Ukurasa wa mbele! Jina la mpwa wangu juu, picha ya boliti katikati. Bibi Mkasi amemwambia majaribio yamekwisha, Jumatatu alete picha ya kitambulisho. Dada yangu kasoma habari yote kwa sauti mbele ya dobi nzima, pamoja na namba ya ukurasa.

Chini kabisa, kwa herufi ndogo: "Mwandishi alifahamu hatari hii kwanza kupitia barua binafsi zilizofunguliwa bila ruhusa na ndugu yake. Zisingepaswa kufunguliwa, kwani njia halali ilikuwepo. Gazeti linamwomba radhi mwenye barua."

Ndugu yake! Ni mimi! Nimeikuza sentensi hiyo mara nne kwenye mashine, nimeibandika dukani. Mke wangu kaibandua.

Jumatatu, 11 Machi

Foleni hadi barabarani. Nikadhani ni umaarufu. Wamekuja kubadilisha maneno ya siri. Mpwa kaomba ruhusa kazini asubuhi, kasimama hapa kuwaonyesha, kila mtu anaandika lake, mimi nimegeuzwa uso ukutani. Mkunga alichukua muda mrefu kuliko wote. Mke wangu alikuwa wa kwanza. Daftari amelitumia kuwashia jiko.

Mchana kaja Meneja. Foleni ikampisha. Nikajificha nyuma ya rimu. Akanitoa. Akasema polisi hatakwenda, ila nisidhani kwamba amesahau. Akaandika neno lake jipya huku akiziba kwa mkono, kama mtoto kwenye mtihani. Alipokuwa anaondoka akasimama mlangoni. Akasema binti kampigia jana. Kasoma gazetini kwamba baba yake kafunga daraja kwa mikono yake. Wameongea mambo ya kawaida tu. Kisha akatoka haraka.

Unga wa wino tena. Lazima niite fundi aitazame hiyo mashine.

Alhamisi, 14 Machi

Daraja linachomelewa, cheche zinaonekana kutoka hapa. Siku tulivu. Nimefikiri sana juu ya yaliyopita, nimekuwa mtu mwingine kabisa. Barua pepe za watu sizigusi tena. Kuzigusa ni ushamba.

Mtu wa posta kaja, kakuta kwa Bwana Rangi pamefungwa, kaniachia barua yake. Bahasha nzito, muhuri wa ofisi ya madaraja. Hii si barua pepe, ni karatasi, ni jambo tofauti. Nikajiuliza ofisi ya umma inamwandikia nini mtu binafsi mwenye mashine ya rangi. Swali hilo lina faida kwa umma. Birika lilikuwa tayari linachemka. Sikuliwasha kwa ajili hiyo, ila mvuke ni mvuke.

Ni mwaliko! Wiki ijayo daraja linafunguliwa upya, watoto watapita wa kwanza, Bwana Rangi anaombwa afike "pamoja na jirani yake wa ng'ambo ya barabara, ambaye tunaomba umfikishie taarifa". Mimi! Nimepigwa na furaha. Suti nimeipiga pasi papo hapo. Nimeifunga bahasha kwa gundi, kazi safi, hata mwenye kuiandika asingejua. Bwana Rangi aliporudi nimempelekea mwenyewe, kwa adabu, nimepiga hodi mara tatu. Kashangaa. Kanishukuru. Sasa nimekaa mlangoni nimetulia, namsubiri avuke aje anialike, nami nitashangaa. Nimefanya mazoezi ya kushangaa kwenye kioo.

Muda si mrefu nimeinua kikombe nikaona mwaliko uko chini yake. Nilifunga bahasha tupu.

Si neno. Mashine ya kopi ipo, karatasi zipo, na mwandiko wa ofisi ya madaraja hakuna aujuaye kama mimi. Nitamchapia mwingine mzuri zaidi. Kwenye huu wa kwanza hawakuandika nani atatoa hotuba, nadhani walipitiwa. Nitawasahihishia.